Jinsi Nilivyomgeuza Nyanya Kuwa Mwanaume

Ninyi wa darasa la kwanza mnaonifuata kila mapumziko na vidole gumba vimenyooshwa mbele kama watu wanaosubiri sindano, rudisheni mikono mifukoni. Nimestaafu. Najua nina miaka kumi na saba, mtihani wa Exetat bado unanisubiri, na ndevu zangu mtu mwenye subira anaweza kuzihesabu zote na kurudia. Lakini nimekaa nyuma ya meza moja miaka mitatu, nina tampo ya wino, muhuri wa kiazi na foleni mbele yangu, na mtu wa namna hiyo hapa Kindu huitwa mtumishi wa serikali. Ana haki ya kupumzika. Tena nawaandikia nikiwa nimesimama, daftari juu ya dirisha, maana tangu mambo haya yatokee nikikaa kidogo tu miguu yangu inaanza kutafuta mlango.

Kazi yangu, kwa ninyi mliokuja mwaka huu kutoka Lokandu na Tunda na hamjui historia ya shule yenu, ilikuwa moja. Unaniletea karatasi yenye alama ya kidole gumba, mwenye kidole simuoni, simjui, nami nakuambia ni mwanaume au mwanamke. Basi. Wengine wanauza maandazi ya beinye, mimi niliuza mshangao.

Niliianza kwa sababu ya Prof wa biolojia. Siku hiyo alifundisha ngozi, na kwa mara ya kwanza sikulala. Alisema mistari ya vidole ina familia tatu: kuna inayopita kama daraja, kuna inayotoka upande mmoja, ikapinda na kurudi upande uleule kama kitanzi, na kuna inayozunguka kama maji ya Lualaba pale yanapomeza matawi. Alisema familia ya kidole chako unazaliwa nayo na utazikwa nayo. Halafu akaongeza kwamba mara nyingi mistari ya wanawake ni myembamba na imebanana, kwa hiyo katika kisanduku kidogo kilekile utahesabu mistari mingi kwa mwanamke na michache kwa mwanaume. Mimi niliandika kila kitu alichosema, isipokuwa "mara nyingi".

Vifaa havikuwa vigumu. Lenzi niliitoa kwenye darubini ya plastiki iliyovunjika. Kisanduku cha kuhesabia nilikikata kwenye kiberiti. Wino ndio ulinitesa. Wiki ya kwanza nilitumia wino wa biki, nikapuliza nao ukaruka hadi kwenye shati jeupe la mteja wangu wa tatu. Mama yake alikuja shuleni na shati mkononi, na mimi nilijifunza biolojia ya vyoo kwa siku tatu, nikiwa na fagio. Baadaye nilipata tampo kuukuu ya ofisi, nikawa mtu.

Na kwa kuwa hamtanyamaza mpaka niwape siri, nawapa. Kidole usikibonyeze chini kama kengele ya mlango. Kifute jasho kwanza, kisha kiviringishe, kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, mara moja tu, na usirudi nyuma. Mwambie mtu aangalie pembeni, maana akiangalia kidole chake atakusaidia, na akikusaidia ataharibu.

Siri ya pili ni Ngalula. Ngalula tunakaa benchi moja. Baba yake ni mtu wa Kasai aliyekuja na kazi ya reli na hakurudi tena. Yeye ndiye aliyepokea karatasi kutoka kwa wateja, kwa hiyo aliwajua wenye vidole. Nikihesabu mistari nikaona haieleweki, nilimwangalia. Akijikuna sikio, ni binti. Akipiga miayo, ni mwanaume. Ndiyo, mlikuwa mnalipigia makofi sikio la Ngalula. Mnisamehe, au msinisamehe, lakini endeleeni kusoma.

Sasa nifike kwa Baba Mukubwa Amisi. Huyu ni kaka ya baba yangu, mama tofauti: marehemu babu yangu Salumu alikuwa na wake wawili, Baba Mukubwa alizaliwa na mke wa kwanza, aliyefariki kabla ya vita, na baba yangu alizaliwa na Nyanya Mwamini, mke wa pili. Baba yangu anachimba dhahabu Kama, anarudi akirudi. Mimi nakaa na Nyanya, katika nyumba yake, kwenye kiwanja chake, na kama ungeniuliza mwaka jana kiwanja ni cha nani ningekuuliza wewe ni mgonjwa.

Jumamosi moja Baba Mukubwa akanikuta barabarani karibu na kivuko. Alishuka kwenye moto, pikipiki yake, akaninunulia chupa ya sukre baridi. Mtu huyu katika maisha yangu yote alikuwa hajanipa hata biskuti. Hapo ndipo mwenye akili angekimbia. Mimi nilikunywa. Akatoa karatasi kuukuu iliyokunjwa mara nyingi, akaacha nje kipande kimoja tu chenye alama nyeusi ya kidole.

"Mutoto, banasema weye unajua vidole," alisema. "Hii njo ya mwanaume ao ya mwanamuke?"

Ngalula hakuwepo na sikio lake. Lakini sikumhitaji. Nilitoa lenzi mfukoni, nikaweka kisanduku changu, nikahesabu. Mistari ilikuwa michache na minene kama nyungunyungu baada ya mvua. Sikuuliza kidole ni cha nani. Sikuuliza kwa nini karatasi imekunjwa. Nilisema mwanaume. Akasema niandike, kwa kuwa wakubwa wanapenda maandishi. Nikaandika, tena kwa madaha: mwenye kidole hiki ni mwanaume mzima, mwenye nguvu. Nikaweka jina langu, nikakimbia nyumbani kuchukua muhuri wa kiazi, nikarudi nikipumua kama mbwa, nikapiga muhuri. Alinishika bega. Nilijisikia waziri.

Jumatatu ilikuja barua kutoka kwa shefu wa mtaa. Nyanya hajui kusoma, akaniita nimsomee. Alikuwa anasonga bugali. Nikaanza kwa sauti ya redio, kama ninavyosoma barua zake zote, nikiigiza. Barua ilisema Amisi, mwana wa kwanza wa marehemu Salumu, anadai kiwanja anachokaa Mwamini. Karatasi ya kununulia, iliyokutwa kwenye sanduku la marehemu, ina jina la Salumu. Na kidole kilicho chini ya karatasi ni cha Salumu mwenyewe, kwani mtaalamu wa vidole amehakikisha ni cha mwanaume mzima, mwenye nguvu.

Sauti ya redio ilikatika hapo.

"Soma tena pale," Nyanya alisema.

Nikasoma tena.

"Huyu mutaalamu njo nani?"

"Njo mimi, Nyanya."

Hakunipiga. Ningependa mjue kwamba nilikuwa tayari kupigwa. Nilisogeza hata kichwa. Aliendelea kusonga bugali mpaka likaiva. Akaniletea beseni la maji ya kunawa mikono, akaliinamisha mbele yangu kwa mikono miwili kama unavyomfanyia mgeni aliyetoka mbali, akasema, "Karibu, mutaalamu." Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kiti kizuri, kipande kikubwa cha samaki, karibu mutaalamu. Jaribuni ninyi kumeza samaki wa namna hiyo.

Historia ya karatasi nilisikia siku ileile, ingawa hakunisimulia mimi; aliisimulia sufuria. Ilikuwa miaka ya vita. Msiogope, mimi nilikuwa sijazaliwa, kwa hiyo risasi hazitafika hapa. Treni ilikuwa imekoma, na kila kilichokuwa kinakuja na treni kikakoma nayo: chumvi, sabuni, viberiti, barua. Babu Salumu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa amekwenda Lokandu kutafuta samaki, njia ikafungwa nyuma yake, akakaa huko miezi. Nyanya akabaki mjini na baba yangu, bado mtoto. Fundi mmoja wa reli, mtu wa Katanga, alitaka kufuata reli mpaka kwao kwa namna yoyote. Nyanya akampa baiskeli yake na mawese yote aliyokuwa nayo, naye akamwachia kiwanja. Walikwenda kwa karani wa reli, Papa Saidi, kuandika. Karani akaandika jina la Salumu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kawaida, jina la mwenye nyumba huandikwa la mwanaume hata kama mwanaume yuko Lokandu anakula samaki. Kisha akamwambia Nyanya aweke kidole. Akaweka.

Kwa hiyo mwanaume yule mzima, mwenye nguvu, alikuwa nyanya yangu.

Shauri lilipangwa Jumamosi. Nilikuwa na siku tano, na sikuzikaa hata moja. Nilitembea kutoka stesheni hadi kivukoni, kutoka kivukoni hadi sokoni, nikihesabu vidole vya watu kwa macho. Darasani Prof aliniuliza kama nina funza. Kilichonichoma ni kwamba nilikuwa nimehesabu vizuri. Ningehesabu tena, jibu lingekuwa lilelile. Kama Nyanya anasema kweli, basi kazi yangu yote ni uongo. Na kama kazi yangu ni kweli, Nyanya alale nje. Nitawaambia jambo la aibu: Jumanne asubuhi, kwa muda wa kutoka nyumbani hadi shuleni, nilitaka kazi yangu iwe kweli.

Jumatano nilikwenda kwa Papa Saidi, yule karani. Bado yuko hai, anakaa nyuma ya magodauni ya reli, mzee mwembamba anayevaa koti kwenye joto la Kindu na kukukasirikia wewe kwamba anatoka jasho. Aliniweka mlangoni mpaka akamaliza kukata kucha za mikono yote miwili. Nikamwomba aje aseme tu kwamba aliyeweka kidole ni Mwamini. Alikataa. Alisema hawezi kuapa juu ya kitu asichokikumbuka.

"Siku zile niliandika karatasi nyingi," alisema. "Masikio yangu ilikuwa barabarani, macho yangu ilikuwa mulangoni. Watu wa mbele ya meza sikuwaangalia."

Halafu akaniomba nimweleze ninavyofanya kazi. Nikamweleza, kisanduku, lenzi, kila kitu. Alisikiliza kwa makini hata nikaanza kujivuna tena. Mwisho akauliza nilihesabu juu ya wino gani. Nikajibu wino ni wino. Mzee alicheka mpaka akavua koti.

Akanituma nimletee koroboi na kijiko cha mawese. Akakwangua masizi ya koroboi kwenye kifuniko cha mkebe, akamwagia mawese, akakoroga kwa njiti. Treni haiji, alisema, wino unatoka wapi? Huu ndio ulikuwa wino wa Kindu nzima. Ulishika ngozi siku tatu, maji hayakuuweza na sabuni haikuwepo, kwa hiyo aliwachukua watu wote kidole gumba cha kushoto, wanawake kwa wanaume, ili mkono wa kulia ubaki safi kwa chakula. Mkono wa kushoto ulikuwa desturi yake hata kabla ya vita, kwenye kadi za reli. Akachovya kidole chake, akakiweka kwenye karatasi, akaniambia niangalie.

Niliangalia, ninyi wadogo zangu, nikaona ujinga wangu wa miaka mitatu. Mafuta hayakai pale unapoyaweka. Yanatambaa. Yanaingia kwenye mabonde kati ya mistari, mistari miwili inashikana inakuwa mmoja, na huo mmoja unanenepa. Ukihesabu, unahesabu mawese.

Nilichukua mkebe ule nikaenda mbio kwa akina Ngalula. Nikamchukua kidole cha kushoto kwa wino wa tampo: binti, bila wasiwasi. Nikakiosha, nikakichukua kwa masizi na mawese: mwanaume mzima, mwenye nguvu. Ngalula aliangalia karatasi mbili, akaangalia kidole chake cheusi.

"Asubuhi nilikuwa binti," alisema, "sasa unanipeleka jeshini." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Jumamosi nitasema haya mbele ya watu. Mbele ya wale wote waliopiga foleni. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi na sikio lake atalitaja mwenyewe, mimi nisimtaje.

Barza ya shefu ilijaa Jumamosi asubuhi. Nusu ya darasa letu ilikuja, hakuna aliyewaita. Baba Mukubwa Amisi alivaa shati lililopigwa pasi, akapanga vitu vyake juu ya meza kimoja baada ya kingine: karatasi ya kiwanja, cheti changu chenye muhuri wa kiazi, na kadi ya kazi ya Babu Salumu kutoka reli, ya kabla ya vita, ili kuonyesha kwamba jina ni lilelile herufi kwa herufi. Nyanya alikaa upande mwingine, mikono ndani ya kitenge. Shefu akaniita mimi kwanza. Akaniita mtaalamu, na watu wa darasa letu wakaguna kwa heshima.

Sikutoa hotuba. Nilimpa Baba Mukubwa zile karatasi mbili za Ngalula, nikamwomba yeye mwenyewe achague kidole cha mwanaume. Hakutaka, shefu akamlazimisha. Akaangalia, akaweka kidole juu ya ile ya masizi. Ngalula akasimama nyuma yangu akainua gumba lake la kushoto, ambalo bado lilikuwa jeusi, akasema zote mbili ni zake, na kama kuna mtu anataka kumwoa aulize kwanza ni yupi. Barza ikacheka. Wakati wanacheka nikasema kwamba cheti changu si cheti. Kwamba wino mnene humfanya kila mtu mwanaume. Kwamba pale shuleni, nilipokwama, nilikuwa naangalia sikio la mtu. Ngalula akanikanyaga, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kutoka nyuma mtu alisema, pole pole, "Mwizi huyu." Na ilikuwa haki yake.

Nilidhani nimemaliza. Baba Mukubwa hakufikiri hivyo. Alisubiri kicheko kiishe, akasema kwa upole: "Sawa, shefu. Mutoto hajui kitu. Tumutoe. Jina inabakia ya nani? Ya baba yangu."

Alikuwa na haki, mnaona? Nilikuwa nimejibomoa mimi, na jina la Salumu lilikuwa limesimama palepale. Nyanya alitazama sakafu. Papa Saidi, aliyekuja na koti lake, alitikisa kichwa, hakukumbuka Jumatano na hakukumbuka sasa.

Miguu yangu ikataka mlango. Nikaizuia, na kwa kuwa lazima kitu fulani kwenye mwili wangu kicheze, macho yakaanza kukimbia juu ya meza. Yakafika kwenye kadi ya Babu. Picha, jina, namba, na chini yake kidole gumba cha kushoto, kimechukuliwa kwa wino mzuri wa wakati treni ilipokuwa inakuja. Mistari ilizunguka, na kuzunguka, mpaka katikati, kama maji yanayomeza. Nikaangalia karatasi ya kiwanja. Hapo mistari ilikuwa minene, michafu, imeshikana. Lakini ilitoka kushoto, ikapanda, ikapinda, ikarudi kushoto. Kitanzi.

Nilitoa lenzi yangu mfukoni. Nikasema taratibu, kwa mara ya kwanza katika kazi hii: "Shefu, kama kidole hiki ni cha mwanaume ao cha mwanamuke, sijui. Lakini hiki hapa na hiki hapa si cha muntu mumoja." Nikamwambia mafuta yanaweza kunenepesha mstari, hayawezi kuutoa kwenye duara na kuurudisha ulikotoka. Shefu akachukua lenzi. Aliangalia muda mrefu, akampa jirani wa kwanza, jirani akampa wa pili, lenzi ikazunguka barza nzima. Papa Saidi alipopata zamu yake alisema jambo moja tu analoweza kuliapia: kwenye kadi na kwenye karatasi alichukua gumba la kushoto, kama kwa watu wote. Mwisho shefu akamwomba Nyanya mkono wa kushoto. Akautoa kwenye kitenge, nikaliviringisha gumba lake kwenye karatasi kwa wino wa tampo. Kitanzi, kimefungukia kushoto.

Shefu hakusema kwamba kidole kimethibitika. Alikuwa ameshachoka na wataalamu. Alisema Salumu hakuweka kidole, na ndani ya nyumba ya Salumu, wakati ule, mtu mzima aliyekuwa Kindu alikuwa mmoja tu, na mtaa mzima unamjua. Kiwanja kikaandikwa upya, jina Mwamini. Baba Mukubwa alikunja kadi ya baba yake ndani ya kitambaa, akaenda mbele ya Nyanya, akampa mkono. "Mama mudogo," alisema. Nyanya akaupokea.

Ilibaki takataka moja juu ya meza: cheti changu. Shefu alisema hawezi kuchana karatasi ya faili, kwa hiyo mwenye cheti aandike chini yake kwamba amekifuta, na aweke kidole. Nikaandika. Nikaviringisha gumba langu la kushoto, kwa wino wa tampo, kidogo, kwa ustadi wote nilionao. Katika miaka mitatu sikuwahi kulichukua gumba langu mwenyewe. Ngalula akanipokonya lenzi na kisanduku cha kiberiti, akainama, akahesabu kwa sauti, mistari myembamba, imebanana, mingi kuliko yake. Akaangalia barza, akajikuna sikio.

Nyanya ndiye aliyecheka wa kwanza, wiki nzima ya kicheko ikatoka pamoja. Akajifuta macho kwa kitenge, akanitazama toka kichwa hadi miguu.

"Ah, kumbe njo binti," alisema. "Basi aende kuteka maji, bido iko nyuma ya jiko."

Nikaenda kuteka maji.